Wimbo Unapigwa, Mwimbaji Halipwi: Vikundi vya Soul na Mjadala wa Redio Marekani

Ndani ya muda usiofika mwaka mmoja, Marekani ilizika waimbaji watatu wakubwa wa muziki wa soul. Februari 2024 alifariki Henry Fambrough, akiwa na miaka 85. Alikuwa wa mwisho kati ya waanzilishi wa kikundi cha The Spinners. Julai mwaka huohuo akafuata Abdul Fakir, aliyejulikana zaidi kama Duke, wa mwisho kati ya wanne wa Four Tops. Alikuwa na miaka 88. Januari 2025 akaondoka Sam Moore wa Sam & Dave, akiwa na miaka 89.

Huenda majina haya huyajui, lakini sauti zao unazijua. Ni zile sauti za wanaume wanne au watano zinazoitikiana, zinazokuja Jumapili jioni tukifungua kipindi cha zilipendwa. Zikipigwa, ujumbe huingia kwa wingi kwenye simu ya studio. Mmoja anamkumbuka baba yake aliyekuwa na santuri, mwingine anakumbuka dansi la shule. Na mara nyingi huja swali: hawa wazee bado wapo? Wanapata chochote nyimbo zao zinapopigwa redioni?

Swali hilo la pili lina jibu linalowashangaza wengi. Katika nchi yao wenyewe, Marekani, wimbo wao unapopigwa kwenye redio ya kawaida ya AM au FM, aliyetunga wimbo analipwa. Aliyeuimba hapati hata senti moja. Imekuwa hivyo tangu redio zianze kupiga santuri, na mpaka tunaandika makala haya sheria haijabadilika. Kuna muswada wa kuibadilisha, ambao umewasilishwa bungeni mara tatu: mwaka 2021, 2023 na 2025. Wakati wabunge wanajadiliana, wenye sauti wanaondoka mmoja mmoja.

Makala haya yanaeleza jambo hili limetokea vipi, kwa nini limeviumiza vikundi vya soul kuliko wasanii wengine, na kwa nini mtu anayeimba kwaya au bendi huku kwetu anapaswa kulifuatilia.

Kwaya ya watu watano

Anayeimba kwaya kanisani atakielewa kikundi cha soul kwa haraka. Kuna anayeanzisha, kuna wanaoitikia, kuna besi inayobeba chini na sauti nyembamba inayopaa juu. Wengi wa waimbaji hawa walianzia kanisani, kisha wakaenda kufanya mazoezi kwenye kona za mitaa, bila gitaa wala ngoma. Chombo chao kilikuwa koo.

The Temptations wa Detroit, walioanza mwaka 1961, ndio mfano ambao wengi huuanzia. Melvin Franklin alikuwa na besi nzito kama pipa tupu linalobingirishwa. Eddie Kendricks aliimba juu kabisa, sauti nyembamba ya kiume isiyokatika. David Ruffin, aliyeingia baadaye, alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyekesha akilia. Ukiwasikiliza kwa makini utamjua nani ameingia bila kutajiwa jina.

Four Tops, wa Detroit pia, walikuwa na Levi Stubbs, aliyeimba kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kikundi hiki kina sifa ambayo bendi chache duniani zinayo: wanne wale walikaa pamoja zaidi ya miaka 40 bila kubadilisha mtu hata mmoja, hadi Lawrence Payton alipofariki mwaka 1997.

Wote hawa walitamba chini ya Motown, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1959 na Berry Gordy kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake. Kabla ya hapo Gordy aliwahi kufanya kazi ya kuunganisha magari kiwandani, na alichokiona kule alikileta kwenye muziki. Kiwandani kila fundi ana sehemu yake, na gari linasogea kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Katika nyumba ya Motown, barabara ya West Grand Boulevard, mmoja alitunga, mwingine alipiga vyombo, mwingine aliimba, mwingine aliwafundisha waimbaji namna ya kutembea na kucheza jukwaani.

Miji mingine ilikuwa na mafundi wake. Memphis kulikuwa na studio ya Stax, ambako Sam & Dave walirekodi. Philadelphia walikuwepo Kenny Gamble na Leon Huff, walioanzisha kampuni yao mwaka 1971 na kuwapandisha The O'Jays. Alikuwepo pia Thom Bell, aliyewapa The Delfonics na The Stylistics zile fidla laini nyuma ya sauti.

Mgawanyo huo wa kazi ulitoa nyimbo zisizochuja hadi leo. Lakini pia ndio mzizi wa tatizo. Katika muziki kuna mali za aina tatu: kalamu, yaani utunzi, jina la kikundi, na sauti iliyorekodiwa. Waimbaji wengi wa soul walikuwa na ile ya tatu tu, na hiyo ndiyo ambayo redio ya Marekani hailipii.

Soul ilivyotufikia

Kabla ya kuzieleza hizo mali tatu, tukumbuke kwamba muziki huu haukubaki Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam waliucheza kwa nguvu kiasi kwamba, Novemba 1969, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul jijini, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Uamuzi huo ulizua mabishano makali kwenye kurasa za barua za magazeti. Waliokuwa upande wa serikali waliuona kuwa uigaji wa mambo ya kigeni. Waliopinga waliuliza: muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao babu zao walichukuliwa Afrika, unakuwaje mgeni kwetu?

Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, The Spinners walipanda jukwaani Kinshasa, katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Jukwaa hilohilo lilipandwa na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki haukusubiri. Henry Fambrough, yule aliyefariki Februari 2024, alikuwa mmoja wa walioimba Kinshasa.

Kwa hiyo mjadala wa Marekani si wa mbali kama unavyoonekana. Ni wa wazee waliowahi kufika kwetu, kwa santuri na kwa miguu.

Mali ya kwanza: kalamu

Chukua "My Girl", wimbo wa The Temptations uliotoka Desemba 1964 na kushika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Machi 1965. Aliyeuongoza kwa sauti ni David Ruffin. Walioutunga ni Smokey Robinson na Ronald White, wa kikundi kingine cha Motown, The Miracles. Redio ya Marekani inapoupiga, mirabaha inakwenda kwa watunzi na kwa kampuni inayosimamia utunzi huo. Wale watano waliouimba hawamo kwenye hesabu.

Chukua The Supremes, mabinti watatu wa Detroit waliofikisha nyimbo 12 kwenye nafasi ya kwanza. Nyimbo 10 kati ya hizo zilitungwa na watu watatu: ndugu wawili, Brian na Eddie Holland, pamoja na Lamont Dozier. Ni haohao walioandika nyimbo kubwa za Four Tops. Na "Soul Man" ya Sam & Dave, ya mwaka 1967? Watunzi wake ni Isaac Hayes na David Porter. Redio zimeupiga kwa zaidi ya nusu karne, na kila ulipopigwa kwenye FM ya Marekani, Sam Moore hakuhesabiwa. Alitumia miaka yake mingi ya uzeeni kulidai jambo hili hadharani, si kwa ajili yake peke yake.

Ili kuona tofauti ya kalamu, mtazame Obie Benson, mmoja wa wanne wa Four Tops. Mwaka 1969 aliwaona polisi wakiwapiga vijana huko Berkeley, California, akaanza kuandika wimbo kuhusu hali hiyo. Wenzake hawakuutaka, waliuona ni wa maandamano. Akaupeleka kwa Marvin Gaye, wakaumalizia pamoja na Al Cleveland, na mwaka 1971 ukatoka kwa jina la "What's Going On". Benson hakuimba hata mstari mmoja katika rekodi hiyo, lakini redio inapoipiga, fungu lake lipo. Kwa nyimbo za Four Tops ambazo aliimba maisha yake yote, fungu la redio hakuwa nalo.

Mali ya pili: jina

Mwimbaji asiye na kalamu angeweza kujitegemea kwa jina. Watu wakisikia kikundi fulani kinakuja mjini, wanakata tiketi. Lakini jina nalo mara nyingi lilikuwa la mtu mwingine.

Kisa cha The Drifters ndicho kinachoeleweka upesi. Jina lilikuwa mikononi mwa meneja wao, George Treadwell. Mwaka 1958 aligombana nao, akawafukuza wote, kisha akachukua kikundi kingine kabisa, The Five Crowns, na kukipa jina la The Drifters. Ndani ya kikundi hicho kipya alikuwemo kijana Ben E. King. Wasikilizaji waliendelea kununua santuri za jina lilelile, zenye sauti za watu wengine.

Kwa The Supremes mambo yalikuwa machungu zaidi. Florence Ballard, mmoja wa waliokianzisha kikundi, alitolewa mwaka 1967. Katika makubaliano ya kuondoka alizuiwa hata kujitangaza kwamba aliwahi kuwa Supreme. Fikiria fundi aliyejenga nyumba nusu ya mji, halafu anazuiwa kusema ni yeye aliyeijenga. Kazi yake ya kuimba peke yake haikushika. Alipitia kipindi cha kuishi kwa msaada wa serikali kwa maskini, na Februari 1976 alifariki akiwa na miaka 32.

Mwenzake, Mary Wilson, alisumbuana na kampuni kwa miaka mingi kuhusu jina hilo. Baadaye alizunguka majimboni kupigania sheria za kuzuia vikundi bandia, yaani watu wanaopanda jukwaani kwa jina maarufu ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwemo. Majimbo zaidi ya 30 yalizipitisha. Wilson alifariki Februari 2021.

Hata kwa The Temptations, ambako jina lilibaki kwa mwanzilishi Otis Williams, wengine walipata taabu. Ruffin, Kendricks na Dennis Edwards walipoungana tena mwishoni mwa miaka ya 1980, ilibidi wajitangaze kwa majina yao matatu na kueleza kwamba ni waimbaji wa zamani wa The Temptations. Sauti ambazo watu walizijua zilikuwa upande mmoja, jina lao upande mwingine.

Mali ya tatu: sauti

Ikabaki sauti. Mwimbaji alikuwa na mkataba na kampuni ya rekodi, na santuri ikiuzwa alistahili asilimia fulani. Lakini kwa kawaida kampuni ilikata kwanza gharama: studio, wapiga vyombo, matangazo. Wengi walijikuta wanadaiwa wakati wimbo wao uko juu. Na redio, ambayo ndiyo iliyoufikisha wimbo kila jikoni na kila kinyozi, haikulipa chochote kwa sauti.

Sheria ya Marekani ilianza kuzilinda rekodi za sauti kwa ngazi ya taifa tarehe 15 Februari 1972. Rekodi za kabla ya hapo ziliachiwa sheria za majimbo, ambazo hazikufanana. Angalia tarehe hiyo, kisha angalia nyimbo. "My Girl" ni ya 1964. "Reach Out I'll Be There" ya Four Tops ni ya 1966. "Soul Man" ni ya 1967. Miaka ya dhahabu ya Motown na Stax karibu yote ilibaki nje ya uzio. "Back Stabbers" ya The O'Jays, iliyotoka katikati ya 1972, iliingia kwa miezi michache tu.

Mwaka 1995 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya malipo kwa waimbaji, lakini kwa matangazo ya kidijitali pekee, kama redio za satelaiti na za intaneti. Mfumo wake ni rahisi kuueleza. Katika kila shilingi 100 zinazokusanywa, shilingi 50 zinakwenda kwa mwenye rekodi, 45 kwa waimbaji wanaotajwa, na 5 kwa wapiga vyombo na waitikiaji wasiotajwa. Kikundi cha watu watano kikigawana sawa, kila mmoja anapata shilingi 9. Si nyingi, lakini zina faida moja: fedha hizo za waimbaji zinalipwa kwao moja kwa moja, hazipitii kwenye kampuni ya rekodi ili zikatwe deni la mwaka 1966.

Tatizo likawa tarehe ileile ya Februari 1972. Kwa miaka mingi baadhi ya watangazaji wa kidijitali walishikilia kwamba hawalazimiki kulipia rekodi za zamani. Ilichukua hadi Oktoba 2018, sheria mpya ya muziki ilipopitishwa, kuzijumuisha. Kufikia hapo, katika watano walioimba "My Girl", aliyekuwa hai ni Otis Williams peke yake.

Na hiyo yote ni kwa upande wa kidijitali. AM na FM bado hazilipi.

Wenye redio wanasemaje

Mimi ni mtangazaji, kwa hiyo hoja za upande wa redio nazielewa, na si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ya wenye vituo, kupitia Chama cha Taifa cha Watangazaji cha Marekani, ni kwamba redio ndiyo tangazo la bure la mwanamuziki. Bila redio nani angenunua santuri ya Four Tops? Ni kweli. Mwaka 1965 Motown iliihitaji redio kuliko redio ilivyoihitaji Motown.

Lakini hoja hiyo ina umri. Wimbo mpya unatangazwa ili ununuliwe, na mwimbaji kijana anaalikwa kwenye maonyesho kwa sababu umesikika. Wimbo wa miaka 60 unatangazwa ili nini kiuzwe, na nani apande jukwaani? Mzee wa miaka 85 hawezi tena kuzunguka miji 20 kwa basi. Kwa wimbo wa namna hiyo, anayefaidika ni kituo, kwa sababu zilipendwa zinaleta wasikilizaji na wasikilizaji wanaleta matangazo ya biashara.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: vituo vidogo. Kituo cha mji mdogo, chenye watangazaji wawili na jenereta, kikiongezewa mzigo kinaweza kuzima mitambo. Waandishi wa muswada wamejaribu kuijibu. Kituo chenye mapato yasiyofika dola milioni 1.5 kwa mwaka, na ambacho hakimilikiwi na kampuni kubwa, kingelipa dola 500 kwa mwaka mzima. Kituo cha umma au cha chuo kingelipa dola 100. Kile kidogo kabisa, chenye mapato yasiyofika dola 100,000, kingelipa dola 10. Mzigo wenyewe ungebebwa na makampuni yenye mamia ya vituo.

Wapinzani hawajaridhika, na wabunge wengi wametia saini azimio la kupinga tozo yoyote mpya kwa redio. Mwanasiasa anaihitaji redio ya jimboni kwake kila uchaguzi. Mwimbaji mzee hana masafa ya kumpa.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi sana. Kwa kuwa Marekani haiwalipi waimbaji wa kigeni nyimbo zao zinapopigwa kule, baadhi ya nchi hujibu kwa kipimo hichohicho: hukusanya malipo ya redio kwa waimbaji wao, lakini hayawafikii Wamarekani. Hivyo mwimbaji wa soul anakosa nyumbani, na kwa sababu amekosa nyumbani anakosa ugenini pia.

Muswada hautatibu kila kitu

Tusidanganyane. Hata ukipita kesho, muswada huu hautarudisha miaka iliyopita. Hautambadilishia mtu mkataba aliousaini akiwa na miaka 18 bila mwanasheria. Hauwarudishii watu jina la kikundi. Kwa waliokufa, fedha zitakwenda kwa warithi, na hapo napo familia nyingi zina kesi zao.

Lakini ungekubali jambo ambalo sheria ya redio ya Marekani haijawahi kulikubali, kwamba kuimba ni kazi inayotoa mali. Leo sheria hiyo inamwona Smokey Robinson aliyeandika maneno, haimwoni David Ruffin aliyetufanya tuyaamini.

Muda nao unahesabika. Bunge la Marekani hukaa miaka miwili, na muswada usiopita ndani ya muda huo unakufa, unaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa ule wa 2021 na ule wa 2023. Huu wa 2025 una hadi Januari 2027.

Na sisi je?

Lugha yetu ina neno zuri la jambo hili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya yule aliyeshiriki kuupa wimbo uhai: mwimbaji, mpiga gitaa, aliyerekodi. Kenya nayo inatambua malipo ya pande zote, ndiyo maana kwa miaka mingi vyama vilikuwa vitatu: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa wenye rekodi. Kiasi kinachomfikia msanii mfukoni ni suala jingine, na malalamiko hayajaisha. Lakini mlango upo, wakati Marekani bado wanabishana kama uwekwe.

Suala la jina pia tunalijua vizuri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, vyombo na jina. Chama kilipobadilika, jina la bendi likabadilika nacho: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, hadi tulipolizoea jina la Msondo Ngoma. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Na nyimbo nyingi za bendi za enzi hizo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikabaki kwenye kanda za redio.

Kwa hiyo kama una kijana anayeimba, au wewe mwenyewe uko kwenye kwaya inayojiandaa kwenda studio, kaeni kikao kabla ya safari, mkiwa bado mnapatana, na muandike majibu ya maswali matatu.

La kwanza, kalamu: nani ametunga maneno na sauti ya wimbo huu? Kama ni watatu, andikeni watatu. Kama aliyeongeza kiitikio ndiye aliyeupa wimbo nguvu, atajwe.

La pili, jina: kwaya ikigawanyika, jina linabaki kwa nani? Kwa kanisa, kwa mwalimu wa kwaya, au kwa wanakwaya? Ugomvi mwingi huanzia hapa, na huanza baada ya video kupendwa.

La tatu, sauti: nani anamiliki rekodi yenyewe, aliyelipia studio au walioimba? Orodha ya walioimba siku hiyo ihifadhiwe, pamoja na tarehe na nakala ya makubaliano. Kwa Tanzania, kazi inaweza kusajiliwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Karatasi moja yenye saini inaweza kuwa na thamani kuliko santuri ya dhahabu ukutani.

Na sisi wa redio tuna wajibu wetu, ambao hauna gharama: kutaja majina. Jumapili hii tutapiga Four Tops. Kabla ya wimbo tutawataja wote wanne: Levi Stubbs, Obie Benson, Lawrence Payton na Duke Fakir. Tutamtaja pia aliyetunga. Ukituma ujumbe kuomba wimbo wa bendi au kwaya ya huku kwetu, tuandikie na majina ya waimbaji unaowajua, tuyasome hewani.